Udongo Uliokataa Kuzama

Kuanzia Kibimba mpaka Keza, ukitafuta mtu aliyechimba udongo kwenye ukingo wa barafu ya Kilimanjaro kwa mikono yake mwenyewe, utanikuta mimi tu, Danstan Nshoma. Wengine wote mlima ule wameuona kwenye kalenda.

Na barafu yenyewe niliiona, asikudanganye mtu. Niliiona nikiwa stendi ya Moshi, nimeshika muhindi wa kuchoma, kabla wingu halijaifunika. Ilikuwa mbali kidogo. Lakini macho yalifika, na macho ni yangu, kwa hiyo sioni kwa nini watu wanashupalia miguu.

Ngoja nianze na baba, maana safari yote ni yake.

Baba yangu, mzee Nshoma, ana desturi ambayo hata padri ameshindwa kumtoa. Haozeshi binti mpaka ashike udongo wa huko anakokwenda. Si kuambiwa habari zake. Kuushika. Anasema mwanamke hali mahari, mahari wanakula wajomba. Mwanamke hula shamba. Dada yetu mkubwa, Benedicta, alipoposwa Biharamulo, baba alikwenda mwenyewe, akainama katikati ya shamba la watu mbele ya wakwe, akachota udongo, akaupima uzito kwa kiganja, akautia kwenye bakuli la maji, kisha akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Wakwe walidhani mzee amepatwa na jambo. Baba akatema, akafuta mdomo, akasema, "Una mchanga mwingi, lakini muhogo hautamnyima." Harusi ikafungwa. Leo Benedicta ana mihogo mpaka anagawa, na baba hakosi kutukumbusha kila tukila ugali wake.

Sasa ikafika zamu ya Tecla.

Tecla ananifuata kwa juu. Ni fundi cherehani hapa Keza, kibanda chake kiko njia ya shule. Mwaka jana walikuja watu wa kuchimba kisima, na kati yao alikuwepo fundi mmoja mrefu, mpole, anaitwa Elirehema, mtu wa Marangu. Suruali yake ikachanika, akaipeleka kwa Tecla. Wiki iliyofuata ikachanika tena. Ilipofika mahali suruali inachanika kila Jumatatu, hata mama alielewa kwamba kisima kinachochimbwa pale si cha maji peke yake.

Baba alimpenda Elirehema. Alimpenda kwa sababu ni mtu anayegusa ardhi. Lakini Marangu si Biharamulo. Ni siku mbili za basi, na goti la baba siku hizi halipandi hata kitanda bila kulalamika. Akaniita uani.

"Danstan, utakwenda wewe. Uniletee udongo wa kwao."

"Baba, umemwita mtu wake. Nitapanda mpaka kwenye barafu."

"Nimekutuma barafu mimi? Nataka udongo wa shamba."

"Baba, udongo wote wa kule umetoka juu! Tumesoma kidato cha nne. Zamani mlima ulitapika moto na majivu. Halafu barafu ikashuka, ikasaga mawe kama mtu anasaga mtama. Juu yake ndiyo ukamea msitu. Sasa ukitaka kujua maji, si unakwenda kwenye chemchemi?"

Baba alinitazama kwa muda, kama anavyotazama mbuzi anayeletwa kwake na mtu asiyemjua.

"Chota utakapochota," akasema. "Ila ukirudi, uniambie kweli ulipochota. Mimi nitamtoa mtoto kwa neno lako."

Kumbuka neno hilo. Mimi nililisahau.

Tecla alinisindikiza mpaka kwa Taufiki. Taufiki ni rafiki yangu wa bodaboda. Kwao ni mjini Ngara, babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara ya nguo akanogewa na baridi. Dada yangu alinishika mkono kabla sijapanda.

"Danstan, nakujua. Chota, funga, rudi. Usitie chumvi."

"Dada, udongo ukitiwa chumvi hauoti kitu. Hata mimi najua."

"Sicheki," akasema, na kweli hakuwa anacheka. "Ukiniharibia hili, sitakuwa na mahali pengine pa kwenda. Simtaki mwingine."

Taufiki akapiga honi ili tusilie. Tukaondoka.

Nikakata nchi: Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, mpaka mgongo ukasahau ulivyokuwa zamani. Moshi nikala ule muhindi niliokutajia. Marangu nikapokelewa na shangazi yake Elirehema, mama Ndeanansia, ndiye aliyemlea. Ni mwanamke mnene, mkunjufu, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, na ng'ombe akaitika. Alinipa mtori, nilipomaliza akaniongeza, nilipokataa akaniongeza tena.

"Shikamoo shangazi, nimeshiba."

"Marahaba. Umeshiba nini, na shingo yako ile ile uliyokuja nayo? Kula."

Nikamweleza desturi ya baba. Hakucheka hata kidogo. Akasema hiyo ndiyo akili, akashika upanga wake wa kukatia majani ya ng'ombe na kunionyesha njia.

"Panda na migomba yangu mpaka iishe. Ikiisha utaona msitu. Hapo ndipo mpaka, usivuke, msitu ni wa serikali. Chota hapo hapo. Mimi nitakuwa karibu nakata majani."

"Na barafu iko wapi, shangazi?"

"Barafu?" Akatazama juu, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukungu. "Hiyo iko kwake. Sisi tuko huku."

Nikapanda. Migomba ya kule, ndugu yangu, sitaki kusema mengi nisije nikaonekana nimehama chama, lakini ilinipita kimo mpaka nikaona haya. Chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi. Migomba ikaisha, na msitu ukaanza ghafla kama ukuta: miti mikubwa imevaa kuvu na majani mengine mikononi, maji yanadondoka ingawa mvua haikuwa inanyesha. Nikapiga magoti pembeni ya mgomba wa mwisho, nikachimba.

Udongo ule sijawahi kuuona hapa kwetu. Sisi udongo wetu ni mwekundu, mzito. Ukikanyaga mvuani unakwenda nao mpaka kanisani. Ule ni mweusi kama masalia ya kahawa. Mkono unaingia kama kwenye unga. Ukiukamua, unateleza vidoleni kama sabuni na maji yanatoka, na ndani yake mna vijiwe vyepesi vyenye matundu, vile ambavyo mama zetu hununua sokoni vya kusugulia visigino. Nikajaza kiroba. Nikawa nakinyanyua kwa kujiandaa na uzito, nusura nianguke kinyumenyume, maana hakikuwa na uzito wowote.

Basi pale kukatokea jambo dogo na tope dogo, kiatu changu cha kushoto kikabaki. Nikashuka salama, nikaazimwa kandambili, nikaaga. Mama Ndeanansia akaniambia yeye siku ya posa hatakuja, mabasi humtapisha. Nikamwambia pole sana, shangazi, afya kwanza. Sikuwa na sababu ya kufurahi, ila nilifurahi.

Taufiki alinipokea stendi ya Ngara. Alitazama kiroba, akatazama kiatu kimoja nilichoshika, akatazama miguu.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

Hapa ndipo niseme kitu kuhusu stendi ya Ngara. Pale kilimani ukisimama na kandambili mbili zisizofanana, ukaulizwa swali kwa sauti, na waendesha bodaboda wote wakageuka kukusikiliza, ukweli haukutoshi. Ungekutosha wewe? Niseme niliteleza kwenye tope karibu na migomba ya shangazi wa mtu?

"Barafu," nikasema polepole. "Barafu imekula."

"Imekula vipi?"

"Nilikuwa nachimba ukingoni. Barafu ya kule hailali, inatembea, inasaga. Nikasikia kraaa! Nikaruka. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Mpaka sasa inashuka nacho polepole."

Mmoja akavua kofia. Nakuapia, alivua kofia.

Taufiki alikuwa na abiria wa kupeleka kwanza, na hadithi ikapanda pikipiki hiyo. Nilipofika Keza ilikuwa imeshatangulia, imekaa, imekunywa maji. Majirani walikuwa uani. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, na mbele yake bakuli la maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umerudi. Umechota wapi?"

Majirani wote wakanitazama. Tecla alikuwa mlangoni, mkanda wa kupimia nguo shingoni.

"Kwenye ukingo wa barafu, baba," nikasema. "Juu kabisa. Wengine hawafiki."

Makofi yakapigwa. Baba hakupiga. Alifungua kiroba, akaingiza mkono, akautoa. Akaupima udongo kiganjani. Akaupima tena kwa kiganja kingine, labda cha kwanza kimekosea.

"Mbona hauna kitu?" akauliza.

"Una kitu sana, baba."

"Danstan, nimeshika unyoya wa kuku ukawa mzito kuliko huu."

Akamwaga kwenye bakuli. Sasa, udongo wetu ukiutia majini unazama kama mtu mwenye heshima zake, maji yanatulia. Udongo wa Kilimanjaro ulijitawanya, ukayafanya maji kuwa meusi, na vile vijiwe vyenye matundu vikapanda juu, vikaanza kuzunguka zunguka kama bata.

Jirani yetu akajipiga msalaba.

"Unaelea," baba akasema.

"Ni vijiwe tu, baba, vinaelea..."

"Mawe yanaelea." Alitamka kila neno kivyake. "Nyumbani kwao mawe yanaelea. Ewe Danstan, hivi umefika huko kweli au umechota jikoni kwa mtu?"

Nikaona niokoe jahazi kwa elimu. Kidato cha nne hakikuwa cha bure. "Baba, hayo ni majivu! Majivu ya volkano!"

Mara tu neno lilipotoka nilitamani kulirudisha. Baba aliweka bakuli chini taratibu.

"Umesema mwenyewe. Majivu. Majivu sisi tunatia chooni." Akaanza kuhesabu kwa vidole, na baba akihesabu kwa vidole huwa ameshaamua. "Unaniambia juu ni barafu. Chini ni majivu. Mawe yanaelea. Umeona nini kimeota hapo ulipochota?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu: migomba. Migomba mirefu, baba, nimechota shinani mwa mgomba wa mwisho. Lakini aliyechimba kwenye ukingo wa barafu hachimbi shinani mwa mgomba. Bodaboda wa Ngara wangekifanyia nini kichwa changu? Na yule aliyevua kofia?

"Pale... barafuni, baba, hapaoti kitu," nikasema.

"Hapaoti kitu," baba akarudia, akasimama kwa kushika goti. "Binti yangu hataenda kulima povu."

Tecla aliingia ndani. Baadaye nikasikia cherehani yake, kibandani, inakimbia bila kushona kitu.

Nilimfuata. Hakuinua macho.

"Danstan, ulichota wapi?"

"Si nimeshasema."

"Elirehema ananiambia kwao kuna migomba mpaka mpakani mwa msitu. Wewe hukuiona?"

"Niliiona. Kwa chini. Nilipokuwa napita."

"Basi mwambie baba umeiona!"

"Nitamwambia kesho."

"Wageni wanafika Jumamosi. Wameshakata tiketi. Baba anasema mgeni harudishwi njiani. Watakula, watakunywa, halafu atawaambia hapana kwa adabu. Unajua baba akisema hapana kwa adabu inavyokuwa? Haigeuki." Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nakuuliza mara ya mwisho. Barafu gani hiyo?"

Nikamwambia nitalishughulikia. Na kweli kesho yake nilikwenda kwa baba nikiwa nimenyoosha maneno yangu vizuri. Nikamkuta na wazee wa Kibimba waliokuja kwa miguu, wamekaa kwenye benchi, wananisubiri mimi. Mmoja akasema, "Ndiye huyu? Hebu tueleze, barafu inatoa sauti gani?"

Ungefanyaje? Walikuwa wametembea kilometa zote zile. Niliwapa sauti, nikawapa upepo, na nilipoona wameridhika nikawaongezea chui. Baba alisikiliza yote akikuna goti. Kila nilivyozidi kuupandisha mlima, ndivyo dada yangu alivyozidi kubaki Keza. Hilo niliona. Ila ulimi wangu ukishawasha injini huwa haujui pa kuegesha.

Jumamosi ikafika.

Mama alikuwa ametengeneza urwagwa, pombe yetu ya ndizi, mtungi mzima, na mirija imekatwa. Wageni waliletwa kutoka stendi kwa gari la kukodi. Akashuka Elirehema, suruali yake nzima siku hiyo. Wakashuka wajomba wawili wenye makoti. Halafu gari likainama upande mmoja, likainuka, na uani kwetu ikasikika sauti ambayo mbuzi wote wa jirani waliitikia.

"Hodi wenyewe! Nimetapika kuanzia Singida, lakini nimefika! Nani angeniozea mtoto mimi nisiwepo?"

Mama Ndeanansia. Kifuani amekumbatia kikapu kilichofunikwa kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Nikamwambia mama kwa unyenyekevu mkubwa, "Mama, nadhani urwagwa hautatosha. Niende Ngara nikatafute mwingine?"

"Mtungi umejaa, Danstan. Kaa chini."

Nikakaa nyuma ya mjomba mwenye koti pana kuliko yote. Taufiki alikuwa amekuja kula, akakaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Mbona unatoka jasho? Wewe si mtu wa barafu?"

Watu wakala. Mirija ikaingia mtungini. Baba akakohoa, na Tecla, aliyekuwa anagawa vikombe vya maji, akasimama alipo.

"Wageni wetu," baba akaanza, kwa ile sauti ya adabu. "Mmetoka mbali. Kijana wenu ni mtu mwema, nimemwona na kazi yake, maji yake tunakunywa. Lakini mimi nina desturi yangu. Nilimtuma kijana wangu kwenu aniletee udongo. Ameuleta. Nimeushika. Mniwie radhi, udongo ule hauna uzito, na unaelea. Na yeye mwenyewe amethibitisha kwamba pale alipouchimba hapaoti kitu."

Elirehema alifungua mdomo, mjomba wake akamshika goti. Tecla hakutikisika. Maji yakawa yanamwagika kwenye kikombe alichoshika, kwenye vidole, chini.

"Hapaoti kitu?" akauliza mama Ndeanansia. "Wapi huko?"

"Kwenye ukingo wa barafu," baba akasema. "Alikopanda akachimba."

"Nani kapanda kwenye barafu?"

"Danstan wangu."

Mama Ndeanansia alitafuta kwa macho. Nilijikunja. Mjomba mwenye koti, sijui kwa nini, akachagua wakati huo kuinama kuchukua mrija wake.

"Huyu?" Kicheko cha yule mama kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikatoka nje na kuwafukuza kuku. "Huyu kijana wa kwenye toroli?"

"Toroli gani?" akauliza baba.

"Shangazi," nikasema, "kuna nyama huku, bado hujaonja..."

"Mwanangu, nitakula, usijali." Akaligeukia baraza. "Mzee Nshoma, kijana wako alichimba shinani mwa mgomba wangu wa mwisho, mimi nikiwa nakata majani pale pale. Mara mbega wakaanguruma msituni. Mnawajua mbega? Nyani weusi wenye mikia ya mabibi harusi. Wanakula majani tu, lakini wana sauti mbaya. Huyu akatupa jembe! Akakimbia, akaingia kwenye tope mpaka gotini, akaanza kuita. Hakuniita mimi. Alimwita mama yake."

Mama alishika kifua. "Mwanangu jamani."

"Nikamvuta, nikampata yeye bila kiatu. Nikamwambia tembea. Akasema miguu imekufa. Basi nikampandisha kwenye toroli juu ya majani ya ng'ombe, nikamsukuma mpaka nyumbani. Na kiroba chake nikakijaza mimi upya kwa sababu kilimwagika."

Msomaji, najua nilikuambia nilishuka salama. Na nilishuka salama. Mtu akiwa kwenye toroli anakuwa salama kabisa.

Taufiki alikuwa ameweka uso kwenye mapaja, mabega yanatetemeka. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika neno moja tu kati ya yote.

"Shinani mwa mgomba?"

"Mgomba, mzee. Huu hapa shahidi."

Akafunua kitenge. Ndani ya kikapu kulikuwa na kiatu. Cha kushoto. Kimejazwa udongo mweusi mpaka juu, na katikati ya udongo umesimama mche wa sale, majani yake marefu ya kijani yamenyooka kama yamechumwa asubuhi ile.

"Kiatu nilikifukua siku ya pili," akasema. "Kilikuwa kimejaa udongo, nikaona nisiupoteze, nikapandia sale. Kwetu ukienda na sale kwa mtu, hata kama amekukasirikia, atakusikiliza. Sikujua kama nitauhitaji. Nilikuwa nimeuleta kwa heshima tu."

"Hata sisi tunao," baba akasema polepole. "Tunaupanda mipakani. Anayeugusa kwa ubaya hapati usingizi." Akanyoosha mkono. "Umeumwagilia lini?"

"Asubuhi tulipotoka nyumbani. Nani angekuwa na nguvu za kumwagilia maua, na mimi nilivyokuwa nalia kwenye mfuko wa plastiki?"

Baba aliingiza vidole ndani ya kiatu changu, mbele ya watu wote, akatoa tonge la udongo. Akalipima kiganjani, akakunja uso kwa ule wepesi wake. Halafu akalikamua.

Maji yakatoka. Si mengi, matone, yakapita katikati ya vidole vyake yakadondoka kwenye vumbi jekundu la uani kwetu. Siku mbili njiani, jua la Singida, vumbi la Nyakanazi, na udongo ulikuwa bado umeshika maji yake. Baba akaukamua tena. Ukateleza, ukalainika kama sabuni, ukatoa tone jingine. Alipoulegeza ukashikamana tena.

Baba amelima migomba maisha yake yote. Kila kiangazi tunamwona akitandaza nyasi shinani, anaomba maji yasikimbie. Akatazama lile tonge kama mtu aliyeonyeshwa mtungi usiokwisha. Akagusa kidogo kwa ulimi.

"Hauna uzito," akasema, "kwa sababu ndani mna nafasi ya maji." Alijisemea mwenyewe. Kisha akainua kichwa. "Na mgomba huo wa mwisho, ni mrefu kiasi gani?"

"Nikisimama chini ya mkungu," akasema Elirehema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, "naugusa kwa kunyoosha mkono, baba."

Na Elirehema nimeshakuambia ni mrefu.

Baba akamtafuta Tecla kwa macho. "Mama, weka hicho kikombe, unatulowesha. Umesikia udongo wa watu? Utauweza?"

"Nitauweza, baba," akasema Tecla, akaweka kikombe chini.

Vigelegele. Mama alianza, mama Ndeanansia akamaliza, na nadhani Burundi walisikia. Mirija ikarudi mtungini. Mimi nikaona hapa ndipo pa kujiokoa, watu wakiwa na furaha huwa hawachunguzi. Nikasimama, nikatikisa vumbi.

"Jamani, mimi nafurahi kama nyinyi. Ila niweke jambo moja sawa. Mama amechanganya tu. Wapagazi wengi hupita pale kwake. Kiatu hicho si changu. Changu kiko juu, barafuni."

Yule mzee wa Kibimba aliyeuliza sauti ya barafu akanitazama kwa matumaini, masikini.

Mama yangu aliinuka bila kusema neno. Akaingia ndani. Tukasikia anavuta kitu chini ya kitanda changu. Akatoka na kiatu cha kulia, chenye kamba ya katani niliyoifunga mwenyewe baada ya ile ya asili kukatika, akakiweka chini karibu na kile cha sale.

Kamba ya katani huku, kamba ya katani kule.

Tecla alikuwa anafuta machozi kwa mkanda wa kupimia nguo. Aliinama, akavitazama viatu viwili, akanitazama mimi.

"Haya, mtu wa barafu," akasema. "Vaa."